Ua la Malenge Kwenye Buluu

Mke wangu alikuwa na ua lake mwenyewe. Hakulipata kwenye picha za wafumaji wala kwa wenzake wa chama cha akina mama. Alilitazama kwenye mmea wa malenge nyuma ya jikoni, asubuhi, kabla jua halijalifunga, kisha akaingia ndani akachukua uzi mweupe na sindano yake yenye ndoano, akaanza kulifuma. Petali moja ilimshinda. Ilipinda ndani kama ukosi wa shati lililovaliwa kwa haraka. Nilidhani ataifumua. Badala yake alifuma ua la pili na kuipinda petali ile ile kwa makusudi, na maua yote yaliyofuata akayafanya hivyo hivyo. Nilipomuuliza sababu alisema, "Sasa litajulikana ni langu."

Kwa maua hayo alianza kitambaa cha Meza ya Bwana. Kanisa letu liko upande wa Butali, katikati ya mashamba ya miwa, na meza yake ni ndefu, mbao nzito za mti wa msituni ambazo wazee waliotutangulia walizibeba mabegani. Alifuma akirudi shambani, akifuma akingoja mboga ziive, akifuma akiwa mgonjwa. Alipofariki kitambaa kilikuwa kimefika nusu ya meza. Sindano ilikuwa bado imeshika uzi pembeni, mahali mkono wake ulipochoka.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisoma dini katika chuo kidogo nikiwa kijana, nikarudi nyumbani kufundisha darasa la ubatizo, na nimelifundisha mpaka wajukuu wa wanafunzi wangu wa kwanza wakapita mikononi mwangu. Namshukuru Mungu kwa umri huu. Nasema hayo mapema ili msomaji ajue kwamba niliyoyaandika hapa hayakutokana na uchungu wa mtu asiyeshukuru.

Kwetu, mtu akishazikwa, jamaa huketi uani na vitu vyake hugawanywa. Nguo, viatu, mwavuli, sufuria, kila kimoja hupata mkono mpya, na nyumba haibaki na kabati la kuogopwa. Ni desturi nzuri. Siku ya mke wangu nilikaa kwenye kiti nikatazama gauni lake la Jumapili likienda Lumakanda na shali yake ikienda Chekalini. Kitambaa kilipotolewa kapuni, binamu mmoja alinyoosha mkono. Dada ya mke wangu akamzuia.

"Hicho weka."

"Kwani si cha marehemu?"

"Ni cha marehemu, lakini alikuwa ameshampa Mungu. Wewe kichukue basi, tuone kama utalala."

Watu wakacheka, binamu naye akacheka huku akirudisha mkono. Shemeji yangu akakikunja kitambaa na kuniwekea magotini. "Shemeji," akasema, "wewe ndiye utajua vile kitafika mezani."

Sikujua. Akina mama kadhaa walijitolea kukimalizia, na niliwashukuru, ila kila aliyejaribu ua moja kwenye uzi wa pembeni alitoa ua la mkono wake, si la mke wangu. Nilikirudisha kapuni. Kila Jumapili ya Meza nilikuwa nikitazama zile mbao na kitambaa cha duka kilichotandikwa juu yake, na nikijiona mtu aliyetumwa na mzigo akaketi njiani.

Aliyenipa njia ni rafiki yangu. Tulibatizwa siku moja, katika mto mmoja, tukipiga meno kwa baridi, na tangu siku ile aliniita omwana wefwe, yaani mtoto wa kwetu, nami nikamwita hivyo. Maisha yake ya kazi aliyamaliza kama fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Alipostaafu hakuweza kukaa bure. Asubuhi moja alivuka kijito kinachotenganisha mashamba yetu akiwa na kitu kilichokunjwa ndani ya gazeti. Alikikunjua mezani kwangu: kipande cha marekani, ile pamba ya kawaida, buluu nzito kama wino, na katikati yake jani la kangaga likiwa jeupe, na kila jino la jani lile likionekana.

"Umechora?" nikamuuliza.

"Mimi nichore nini? Ni jua limechapa. Hapo palipokuwa na kivuli pamebaki peupe."

Alinieleza. Kuna dawa mbili, moja ya kijani iliyokaribia rangi ya asali, nyingine nyekundu kama machungwa yaliyoiva. Zikichanganywa gizani na kupakwa kwenye pamba, zikakauka gizani, kitambaa kinakuwa kama jicho. Unaweka kitu juu yake, unafunika kwa kioo, unatoa juani. Halafu unaosha kwa maji matupu, na kile kilichopigwa na jua kinashika buluu.

Kisha nikaenda chumbani nikarudi na kapu.

"Na kivuli cha hiki?"

Alikitazama kitambaa cha mke wangu bila kukigusa. Alimfahamu mke wangu vizuri. Alikuwa amekula obusuma, ugali wake, miaka mingi. "Kivuli cha hiki kitakaa," akasema. "Na hata nusu iliyobaki, omwana wefwe, unakisogeza tu mbele na kuchapa tena. Jua litamalizia pale mama alipoachia."

Sijui kama kuna neno lililowahi kunipa furaha kama hilo tangu kuzika.

Tuliamua kujifunza kwanza kwa vitu vya kawaida. Stoo yangu ya mahindi tuliigeuza chumba cha giza kwa kutundika blanketi dirishani. Kioo tulikitoa kwenye dirisha kuukuu. Kwetu mvua huja alasiri karibu kila siku, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ya asubuhi. Tulipaka jioni, tukaacha vikauke, na jua lilipopanda tulikuwa tayari uani kama watoto wanaongoja shughuli. Tulichapa majani ya mrenda na ya kunde. Tulichapa manyoya ya ingokho, yaani kuku, na maua ya miwa ambayo yalitoka kama moshi. Siku ambayo shamba la jirani lilichomwa kabla ya kuvunwa, masizi yalitua juu ya kioo, na kitambaa kikatoka na madoa meupe madogo kama mbingu yenye nyota. Mimi nilisikitika. Yeye alifurahi mno akataka tungoje shamba jingine lichomwe.

"Wewe huwanga unataka kitu kitoke vile ulipanga," akanitania. "Ulizoea darasa la ubatizo. Hii ni maabara."

"Katika darasa langu hakuna aliyewahi kutoka na madoa."

"Wako wengi. Ni vile uliwaosha ukaenda zako."

Tulijaribu kunyunyizia maji ya limau kabla ya kuanika, tukaweka povu la sabuni juu ya kitambaa kibichi, na buluu ikatoka imegawanyika kama mawingu. Tulitumbukiza chapa kwenye chai ya rangi iliyokolea, na buluu ikageuka ikawa karibu nyeusi, rangi ya usoni mwa ng'ombe wangu.

Jambo moja tulilijua kwa makosa. Mke wa mwanangu hupika mboga kwa musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayolainisha kunde na mrenda. Siku moja rafiki yangu alichukua karai bila kuangalia, akaosha humo chapa nzuri ya kangaga. Buluu iliondoka mbele ya macho yetu. Ilififia kama mtu anayeitwa akiwa mbali, na mahali pake pakabaki manjano, si manjano ya kitu kichafu wala ya kutu, bali manjano ya pekee ambayo sijaiona popote pengine.

"Ni musherekha umekula," akasema, akiwa ameinama juu ya karai. Kisha akaanza kucheka. "Mama wa mboga ametushinda sisi wote."

Baada ya hapo tuliitumia kwa makusudi. Tulifuta buluu kwa musherekha, tukatia kwenye chai, na manjano ile ikageuka hudhurungi ya udongo wetu. Nadhani hakuna watu wengine waliokuwa wakifanya hivyo, angalau sikujua. Ilikuwa siri ya wazee wawili na karai moja.

Kuhusu kitambaa cha mke wangu, rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyeweka sheria. Kisiguse kamwe kitu kibichi. Dawa ikiwa na unyevu hupanda kwenye uzi, na uzi ukitoka juani unakuwa buluu. Kabla ya kukilaza juu ya majaribio yetu madogo, alikuwa akigusa marekani kwa mgongo wa mkono, kila kona, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Nilimpenda kwa jambo hilo. Jaribio la kwanza la ua la malenge lilitoka safi, petali imepinda mahali pake, nami nikatoka nje kidogo kwa sababu sikutaka anione.

Tulikubaliana kuchapa kitambaa kizima wakati wa kiangazi, jua la mwaka mpya linapokuwa kali na anga haina hila, tukitandike mezani Jumapili ya shukrani ya mavuno. Dawa za kutosha alikuwa ameziagiza kupitia watu wa kazi yake ya zamani. Zilikaa kwenye stoo yangu, ndani ya chupa nyeusi.

Siku chache kabla ya kiangazi kushika alikuja peke yake, bila utani.

"Nipe kitambaa nikae nacho kidogo," akasema. "Na dawa. Nataka kupima jua la kwangu. Uani kwako mparachichi umeanza kutia kivuli."

Ilikuwa kweli kwamba mparachichi ulikuwa umekua. Nilikifunga kitambaa ndani ya foronya safi nikampa kwa mikono yote miwili, na chupa nikazibeba mwenyewe mpaka kijitoni.

Alikirudisha baada ya wiki kadhaa, si yeye mwenyewe bali kwa mkono wa mkewe aliyekuwa akipita kwenda sokoni. Foronya ilikuwa ile ile lakini ilikuwa imekunjwa kwa namna nyingine. Nilikifungua juu ya kitanda. Kando moja nzima ya kitambaa, maua yale yalikuwa na manjano.

Nilikipeleka dirishani. Nilijiambia ni uzee wa uzi, kisha nikajiambia labda ni chai. Lakini manjano ile naijua. Inatoka mahali pamoja tu, nayo ni pale buluu ilipokuwa na musherekha ukaila. Kitambaa cha mke wangu kilikuwa kimewekwa juu ya kitu kibichi, kikapata buluu, na mtu akakiosha kwa maji ya majivu ili nisiione. Na watu waliojua dawa hiyo tulikuwa wawili.

Nilivuka kijito siku hiyo hiyo. Nilimkuta akinoa jembe.

"Kitambaa kimepata nini?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Panya. Walikojoa ndani ya kabati. Nilitaka kukwambia."

"Panya."

"Unajua vile panya wamezidi mwaka huu, omwana wefwe."

Nilimwambia pole kwa panya. Nilirudi nyumbani. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mtu apewe nafasi ya kusema kweli mwenyewe, kwa hiyo nilimpa. Niliomba asubuhi na jioni kwamba aje. Ukweli ni kwamba nilijua, na nilikuwa nikikataa kujua. Niliziomba zile chupa kwa simu, akasema ataleta. Zilipokuja, tena kwa mkono wa mkewe, zilikuwa karibu tupu.

Jumamosi moja nilikwenda sokoni kununua majani ya chai. Kulikuwa na mkutano. Mgombea mmoja wa wadi, kijana mwenye sauti nzuri, alikuwa amesimama juu ya lori, na mbele yake akina mama wengi walikuwa wamevaa leso mpya. Leso zilikuwa buluu. Katikati ya kila leso kulikuwa na uso wa mgombea ukiwa mweupe na buluu, umechapwa kutoka kwa picha ya plastiki iliyogeuzwa nyeusi kuwa nyeupe. Na kuuzunguka uso ule, kona hadi kona, kulikuwa na maua ya malenge, kila moja na petali iliyopinda.

Nilisimama karibu na muuza vitunguu. Nakumbuka alikuwa akiniuliza nataka kiasi gani nami nikihesabu petali.

Mgombea akaita jina la rafiki yangu, akamvuta mkono mpaka akapanda lorini kwa shida. "Huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "ni omwana wefwe. Mzee ambaye serikali ilimsahau. Angalieni kazi yake. Hii si ya kiwanda, hii ni akili ya hapa nyumbani." Watu wakapiga makofi. "Na haya maua, Mzee? Haya maua mazuri ulitoa wapi?"

Akampa kipaza sauti. Rafiki yangu alikuwa amevaa koti ambalo nilimsindikiza kulinunua siku ya kustaafu. Aliwatazama watu, na nikaona vile alivyofurahi. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo.

"Ni ubunifu wangu," akasema.

Kisha akaniona. Nilikuwa mbali lakini nina mvi nyingi na kofia nyeupe. Alirudisha kipaza sauti upesi, akashika ukosi wa koti kana kwamba umemkaba. Sikufanya lolote. Nililipia vitunguu ambavyo sikuvihitaji nikaenda nyumbani kwa miguu, na mvua iliyokataa kukatika mwaka huo ikanikuta njiani.

Mke wa mwanangu aliniwekea chakula. "Baba, kula," akasema. Nikamwambia namshukuru Mungu kwa chakula lakini leo nimeshiba. Alinitazama nilivyolowa, akachukua sahani bila kuniuliza.

Mtu anayekuibia kitu nyumbani huchukua kitu. Huyu alichukua ua la mtu aliyekufa, mtu ambaye hawezi tena kusema litajulikana ni langu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Uzi ulikuwepo kapuni na madoa yake. Jina ndilo lililokuwa limetolewa na kufungwa kiunoni mwa soko zima.

Leso hazikudumu. Jirani yangu mmoja, mama mcheshi, alikuja kuomba kibiriti akiwa ameivaa yake, akasimama mlangoni akajigeuza ili nione.

"Mzee, wewe na rafiki yako mmefanya nini? Nimemfua mheshimiwa mara moja tu na amebaki masikio."

Ilikuwa kweli. Uso ulikuwa umefifia ukawa manjano, na masikio mawili tu yakabaki buluu. Sabuni ya unga ina ukali kama wa musherekha. Sisi tulijua kuosha chapa zetu kwa maji matupu. Rafiki yangu hakuwaambia akina mama.

"Na dada yangu wa Chekalini," akaendelea, "wake ameenda wote. Tunasema huyu hata kura hajapata, amekimbia."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na baada ya kucheka nilijisikia vibaya zaidi kuliko awali, kwa sababu aliyepaswa kucheka nami jambo lile alikuwa rafiki yangu.

Alikuja keshoye. Aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, karibu na mlango wa stoo, akawa anaizungusha kofia mikononi. Nilingoja.

"Nyuso zinaondoka," akasema. "Kijana amekasirika. Amenipigia simu maneno ambayo siwezi kukwambia. Nimefikiri, tukizitia kwenye chai kabla hazijaisha kabisa, si zitashika? Wewe una mkono mzuri wa chai."

Hayo ndiyo aliyokuja kusema. Nilimtazama ili nione kama kuna jingine linafuata, na halikufuata.

"Kwa nini ulikiosha kwa musherekha?" nikamuuliza.

Kofia ikasimama mikononi mwake. Alijua maana ya swali, hakurudi tena kwa panya.

"Nilitaka kikurudie kikiwa cheupe."

"Ulikiweka juu ya leso mbichi."

"Walikuwa wanazitaka nyingi, na haraka. Hazikuwa zinakauka, mvua hii imekataa kukatika. Nilipima kwa mkono mwanzoni. Baadaye..."

"Na ua?"

"Ua ni ua, omwana wefwe. Malenge yako kila mahali."

"Hilo lina petali iliyopinda."

Akaanza tena kuizungusha kofia. Kuku walipita mlangoni. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini. "Wewe umesimama mbele ya watu maisha yako yote. Mimi nimekuwa nyuma, nikioshea walimu chupa. Mwalimu anainua chupa, watoto wanashangaa, wanamshangilia mwalimu. Siku moja mtu ameniita mbele. Aliponiuliza, ningesema nini? Kwamba hata hilo si langu?"

"Ungesema ni la mama aliyekupikia."

"Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa," nikasema. "Ndiyo maana ya kuomba."

Aliinuka. Mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu, halafu akasema, "Basi hiyo chai?" Nikamwambia chai huigeuza buluu iliyopo, na pale palipobaki manjano itatia hudhurungi, na kijana wake atatoka na uso wa udongo. Nilimwambia kwa sababu aliuliza na nilijua jibu. Akaenda.

Hakuomba radhi. Nimempa nafasi tangu wakati huo na bado ipo.

Jumapili ya shukrani ilikuwa inakaribia. Nilizitikisa zile chupa. Kilichobaki chini kingetosha nusu ya meza, ukubwa wa kitambaa chenyewe na si zaidi. Ile nusu ambayo jua lilikuwa limalizie ilikuwa imekwenda kwenye uso wa mtu. Nilikata marekani urefu wote wa meza, nikapaka upande mmoja peke yangu, nikijikwaa kwenye magunia kwa sababu tulizoea mmoja ashike taa iliyofunikwa. Asubuhi niligusa kila kona kwa mgongo wa mkono. Nilikilaza kitambaa cha mke wangu juu yake, na sindano yake pembeni pale pale alipoiachia, nikafunika kwa kioo, nikabeba nje.

Nilikuwa na hofu moja: yale madoa. Yalikuwa yamekaa kwenye kando nzima, manjano mbele ya macho yangu, na nilidhani yataonekana, kwamba kila atakayekuja mezani atayaona. Nilisimama kando yake kuzuia kuku. Wingu moja lilikuja, likapita. Rangi ya dawa ilipogeuka ikawa ya kijivu cha majivu, nilikitoa, nikaingiza marekani kwenye karai la maji safi ambalo nililisugua mwenyewe.

Buluu ilipanda polepole majini, na maua yakatoka. Niliangalia ile kando. Ilikuwa nyeupe kama nyingine zote. Nilipaswa kulijua, rafiki yangu alinifundisha siku ya kwanza. Jua halisomi rangi ya uzi. Uzi uliochafuka unazuia mwanga sawa na uzi safi, na kivuli chake hakina doa. Nilikaa chini karibu na karai nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mke wa mwanangu akatoka jikoni kuona nazungumza na nani.

Jumapili ile tulitandika kitambaa. Nusu ya meza ilikuwa buluu na maua ya malenge, mwishoni mwa maua kivuli cha sindano, halafu marekani nyeupe tupu mpaka ukingo. Shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka Lugari. Aliweka kidole juu ya petali iliyopinda, akanitazama, akaenda kukaa. Mchungaji aliniuliza pembeni kama nusu ile nyingine nitaimalizia. Nikamwambia hivyo ndivyo mwenyewe alivyoiacha. Mjukuu wangu anasema dawa zinaweza kuagizwa kwa simu. Sijamwambia aagize.

Maneno ya Meza huanza kwa kutaja usiku ule Bwana aliposalitiwa. Nimeyasikia tangu utoto, na wengi nimewafundisha kuyakariri. Siku hiyo mchungaji alipoyasema nilikuwa nimeshika sinia la mkate, na nilitambua kwamba kumbe neno lile huja kabla ya mkate. Sikuwahi kulitilia maanani.

Rafiki yangu alikuwa ameketi safu yake ya kawaida, mwishoni, karibu na dirisha. Nilipofika kwake alikuwa akitazama mezani kupita bega langu. Alikuwa amekunja macho kama alivyokuwa akifanya uani, chapa inapotoka majini.

"Hata ile kando," akanong'ona. "Imetoka nyeupe. Ulitumia jua la saa ngapi?"

Lilikuwa swali letu. Kwa muda wote ule wa karai na blanketi, hakuna asubuhi ambayo mmoja wetu hakumuuliza mwenzake hivyo, na jibu lilikuwa likitoka kabla swali halijaisha. Lilinifika mdomoni. Niliona kwamba nikilitoa, tutarudi kwenye stoo, tutazungumza habari za jua na unyevu mpaka tuzeeke, na lile jingine halitasemwa kamwe.

"Chukua mkate," nikamwambia.

Mkono wake ulikawia. Waliokuwa safu ya nyuma walianza kuinua vichwa. Nilimshikia sinia bila kulisogeza, mpaka akachukua, nami nikaenda kwa aliyefuata.